Bahati ya Mezani na Bahati ya Pasipoti

Kaa dakika kumi tu kwenye mlango wa ukumbi wowote yanakochezwa mashindano ya Magic: The Gathering, uwasikilize wanaotoka. Malalamiko ni ya aina moja: karata zimenigomea, mpinzani kavuta karata aliyoihitaji dakika ya mwisho, leo sina bahati. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na sasa nafundisha Leicester, Uingereza, ambako Ijumaa jioni nacheza mchezo huu pamoja na mpwa wangu. Malalamiko hayo nimeyasikia kwa Kiingereza na kwa Kigujarati, na nikifika nyumbani nayasikia kwa Kiswahili. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba mara nyingi bahati inaonewa. Ipo bahati inayostahili kulaumiwa katika mchezo huu, ila hiyo haikai ndani ya fungu la karata.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Karata tulizozoea barazani, za kopa na shupaza, zinachangwa na kugawiwa kutoka fungu moja. Huku kila mtu anakuja na fungu lake, alilolipanga mwenyewe nyumbani akichagua katika maelfu ya karata zilizokwisha kuchapishwa. Katika mashindano ya kawaida fungu lisipungue karata 60, na karata ya aina moja isizidi 4, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Ardhi ndiyo inayokupa nguvu ya kulipia karata nyingine zote. Unaanza na karata 7 mkononi, kisha kila zamu unavuta moja. Ardhi zikichelewa, unabaki na silaha kali usizoweza kuzitumia. Zikija nyingi mno, una nguvu tele na huna cha kupigania. Hapo ndipo kilio kinapoanzia.

Juzi mpwa wangu alitoka mezani kwake uso umemshuka. "Mjomba, umeona? Ardhi mbili mpaka nimekufa." Nikamuuliza, "Mjomba, ulianza na nini mkononi?" Alikuwa na ardhi 2 na karata 5 ambazo hakuna hata moja inayotumika kabla ya kuwa na ardhi 3, naye ndiye aliyeanza kucheza. Katika Magic anayeanza havuti karata kwenye zamu yake ya kwanza, kwa hiyo mpaka zamu ya tatu angekuwa amevuta karata 2 tu. Fungu lake lilikuwa na ardhi 24 kati ya karata 60. Ukitoa zile 7 za mkononi, zinabaki karata 53, na ndani yake ardhi 22. Nilimpa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya matokeo: 31 kwa 53, mara 30 kwa 52. Jibu ni asilimia 34. Yaani mkono kama ule, katika kila mara tatu atakazoubakiza, mara moja atafika zamu ya tatu bila ardhi ya tatu.

Tulibishana hadi tukafika nyumbani kama alipaswa kuurudisha mkono ule au kuubakiza. Sheria inamruhusu mchezaji kurudisha karata zake zote na kuvuta 7 nyingine, kisha aweke moja chini ya fungu. Utaratibu huo ulijaribiwa London mwaka 2019, ukawa sheria mwaka huohuo, na umepunguza sana michezo inayokufa kabla haijaanza. Sikutaka kumwambia alikosea, maana yapo mafungu ambayo kubakiza mkono wa namna ile ni uamuzi mzuri kabisa. Nilichotaka akione ni kwamba alikuwa na uchaguzi, na kwamba ile asilimia 34 ilikuwa mbele yake tangu mwanzo, bei yake imeandikwa wazi, kabla hajavuta hata karata moja. Aliponiambia amekosa bahati alikuwa anaruka hatua nzima ya habari, na hatua hiyo ndiyo pekee aliyokuwa na mamlaka nayo.

Hesabu ya pili niliyomfanyia ni ya siku nzima. Fungu lenye ardhi 24 likichangwa sawasawa, katika kila mikono 100 ya karata 7, mikono 14 hivi itakuja na ardhi moja tu au bila ardhi kabisa. Mashindano ya raundi 9, kila mechi ikiwa ya kutangulia kushinda michezo miwili, hukupa michezo 20 na ushei. Basi tegemea mikono mitatu mibovu siku hiyo. Wewe utaipata, na mpinzani wako naye ataipata. Anayeingia ukumbini bila kuitarajia akaumia inapofika, atakuwa amehuzunishwa na jambo ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha nne angeweza kulitabiri asubuhi yake.

Kuna wanaosema, kama hesabu ndiyo hiyo, basi mshindi ni yeyote tu. Hawa nawajibu kwa majina. Kai Budde wa Ujerumani alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1999, na kwa jumla akashinda mashindano 7 ya Pro Tour, yaani ngazi ya juu ya mchezo huu, baadhi yake akiwa na wenzake wa timu. Jon Finkel wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2000, na miaka minane baadaye, umri umesogea na wapinzani ni kizazi kingine, akashinda Pro Tour ya Kuala Lumpur. Karata za watu hawa zilichangwa kama za kila mtu, na wapinzani wao walikuwa na haki ya kuzichanga tena na kuzikata kabla mchezo haujaanza. Bahati haina mapenzi ya miaka kumi na mtu mmoja.

Lakini hata mabingwa wa kiwango hicho hupoteza mechi nyingi sana, na hapa ndipo mtu asiyezoea hesabu anapopotea. Chukua mchezaji hodari anayemzidi mpinzani kiasi cha kushinda michezo 60 katika 100. Mchezeshe mechi ya kutangulia kushinda michezo miwili, naye atashinda mechi 65 katika 100. Mechi hiyo imempa faida, ila ni faida ndogo. Sasa mpeleke robo fainali, nusu fainali na fainali, akiwa na nafasi hiyo ya 65 katika kila mechi. Kombe atalichukua mara 27 hivi katika 100. Mtu anayewazidi wenzake waziwazi atarudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi kuliko atakavyorudi na kombe. Kwa hiyo ukimwona aliyeshinda shindano moja usiseme umepata fundi, na ukimwona aliyeshindwa usiseme hajui. Subiri misimu mitatu, minne. Uvumilivu huo ndio unaotushinda wengi.

Bahati na ustadi vinaweza kukaa ndani ya karata moja, na mfano ninaoupenda ni wa Honolulu, mwaka 2006. Nusu fainali ya Pro Tour, mchezo wa tano na wa mwisho, Mwingereza Craig Jones dhidi ya Mfaransa Olivier Ruel. Jones yuko taabani, na zamu inayofuata ya Ruel itammaliza. Mkononi ana karata iitwayo Char, inayochoma pointi 4 za uhai popote atakapoielekeza, na yeye mwenyewe inamuumiza pointi 2. Wengi wetu tungeielekeza kwa askari wa Ruel walioko mezani, tujinunulie zamu moja ya kupumua, kisha tufe taratibu. Jones aliielekeza kwa Ruel mwenyewe, akamshusha hadi pointi 3. Sasa alihitaji karata moja ya kumalizia, na asipoipata amekwisha. Akavuta. Akaifunua ile karata ya juu, nayo ni Lightning Helix, yenye pointi 3 kamili. Ukumbi ukalipuka. Mpaka leo wachezaji huiita karata ya dola 16,000, kwa sababu ya zawadi iliyobebwa na mvuto ule mmoja.

Ndiyo, kuja kwa Helix wakati ule kulikuwa bahati. Ila kama Jones angeitumia Char kuua askari, Helix ingekuja vilevile na isingemsaidia kitu, na hakuna mtu angeikumbuka. Kwanza aliutengeneza mchezo ambao karata ile inaushinda, ndipo akavuta. Kwa mtu anayezama, kupanga namna hiyo ni kazi ngumu, maana moyo unataka nafuu ya sasa hivi. Fainali alishindwa na Mark Herberholz wa Marekani, na hilo halipunguzi chochote katika uamuzi wake wa nusu fainali.

Nimekulia kwenye bao. Barazani Ngamiani niliwatazama wazee wakisukuma kete 64 katika mashimo 32 mpaka adhana ya magharibi, na katika bao hakuna pa kumlaumu yeyote. Kila kete iko wazi, hakuna kinachochangwa wala kuvutwa. Mchezo huo ni mtukufu, na ndiyo sababu kijana anayejifunza hamfungi fundi hata mara moja kwa mwaka mzima. Wengi huacha mapema, wakabaki wale wachache wenye ngozi ngumu. Garfield amewahi kufafanua katika mihadhara yake kwamba bahati na ustadi havivutani kama ncha mbili za kamba moja, kwamba mchezo unaweza kujaa vyote viwili kwa pamoja. Naliona hilo kila Ijumaa. Mtoto wa miaka 13 aliyeanza majuzi anaweza kumfunga mwalimu wake mchezo mmoja kati ya mitatu, akarudi wiki ijayo macho yanang'aa, akajifunza zaidi. Ukiondoa bahati mezani utamwondoa na yeye.

Na tafadhali, jambo hili lisichanganywe na kubeti. Najua nyumbani vijana wengi wakisikia karata na bahati katika sentensi moja wanafikiria mkeka. Mwenye mkeka akishaweka pesa yake, kilichobaki ni kusubiri uchanike au utiki, hana zamu ya kucheza. Wa Magic ana maamuzi kadhaa kila zamu, na katika mechi ya dakika 50 hufanya mengi kiasi kwamba akitoka analalamikia karata moja ya mwisho, mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika zamu ya nne bila yeye kulitambua.

Hiyo ndiyo bahati ya mezani, nami naitetea. Inachangwa mbele ya macho ya watu wawili, mwamuzi yupo, sheria inamlinda tajiri na maskini kwa usawa. Niliyonayo ugomvi nayo ni ile nyingine.

Fungu la kushindania mashindano makubwa hugharimu mamia ya dola, na baadhi ya aina za mashindano hugharimu zaidi ya hapo. Karata zenyewe ni vipande vya karatasi. Bei inapandishwa na uhaba na soko la wakusanyaji. Katika mashindano rasmi hairuhusiwi kutumia nakala uliyochapisha mwenyewe. Mwamuzi anaweza kukupa karata mbadala kwa sababu chache tu, kwa mfano karata yako halisi ikiharibika mchezo ukiendelea. Kwa hiyo kijana mwenye akili kali na mfuko mwembamba anakuja na fungu lenye karata 52 nzuri na 8 za kujazia. Akishindwa, atasema hakuvuta vizuri, na wenzake watamwitikia. Ukweli ni kwamba hakuvuta vizuri dukani, wiki mbili kabla. Mpwa wangu alicheza msimu mzima hivyo, na mara nyingi nilipokuwa nikimfanyia hesabu za ardhi nilijua hesabu kubwa zaidi ilikuwa ya kazi yake ya Jumamosi kwenye ghala, na saa ngapi anahitaji kubeba maboksi ili anunue karata 4.

Halafu kuna pasipoti. Mimi bado nasafiri kwa pasipoti ya Tanzania. Nilipopata nafasi ya kushiriki mashindano makubwa ya kanda upande wa pili wa bahari, barani Ulaya, niliomba visa mapema kadiri mfumo ulivyoniruhusu, nikapeleka barua ya kazi, taarifa za benki, mwaliko na tiketi. Wenzangu watatu wa duka letu, wenye pasipoti za Uingereza, hawakujaza hata fomu moja. Visa yangu ilitoka Jumatatu, na mashindano yalikwisha Jumapili iliyotangulia. Hakuna namna ya kulicheza vizuri hilo. Hakuna Char ya kuielekeza popote. Huwezi kujiuliza ulipaswa kubakiza mkono au kuurudisha. Hii ndiyo bahati kavu, isiyo na ustadi ndani yake hata chembe, na ndiyo ambayo sijawahi kusikia mtu akiilalamikia mlangoni mwa ukumbi, kwa sababu walioipata mbaya hawapo pale mlangoni.

Wapo waliotoka mbali wakafika kileleni, na nafurahi kwa ajili yao. Paulo Vitor Damo da Rosa ni mtoto wa Porto Alegre, kusini kabisa ya Brazil, mbali na miji ambako mashindano mengi yalikuwa yakifanyika. Februari 2020, Honolulu, alimfunga Márcio Carvalho wa Ureno katika fainali ya dunia na kuondoka na dola 300,000. Wanaozungumza Kireno wawili katika fainali ya mchezo uliotawaliwa kwa miaka mingi na Wamarekani na Wajapani. Mtu huyo alikuwa akisafiri mabara tangu akiwa kijana mdogo. Ninapomsoma simwoni yeye peke yake. Nawaona pia wenzake wa rika lake ambao hawakuwa na nauli, wala wa kuwalipia.

Kwamba jambo hili haliwezi kurekebishwa sikubali, maana tumeshaona likirekebishwa, ingawa kwa sababu nyingine. Mwaka 2021, dunia ikiwa bado imefungwa na korona, ubingwa wa dunia ulichezwa kwa intaneti kupitia programu ya MTG Arena, kila mchezaji akiwa kwake. Bingwa alikuwa Yuta Takahashi wa Japani. Alipoteza mechi zake 3 za mwanzo, mtu mwingine angeshaanza kuhesabu mikosi, naye akaendelea kucheza mpaka akalibeba. Mashindano yale hayakuwa ya kubahatisha zaidi wala ya ustadi mdogo zaidi kuliko yaliyotangulia. Programu ndiyo iliyochanga karata, na hakuna aliyesimama dirishani kwa ofisa wa visa.

Najua kukaa uso kwa uso kuna ladha yake, na mimi mwenyewe sitaki Ijumaa zangu ziishie kwenye skrini. Nataka mambo mawili, na nimeshayaandika kwa waandaaji kwa barua yenye jina langu. La kwanza, mashindano ya madukani, ngazi ya chini kabisa ambako watu wanajifunza, yaruhusu idadi maalumu ya nakala katika kila fungu, tuseme 10, ziwe zinasomeka vizuri na ziwekwe ndani ya mifuko ileile inayolinda karata nyingine. Maduka kadhaa hufanya hivyo nje ya utaratibu rasmi, na michezo yake ni mikali kwelikweli. La pili, anayefuzu kwa pasipoti inayohitaji visa apewe mwaliko rasmi miezi mitatu kabla, na ikishindikana achezee nafasi yake kwa intaneti katika chumba chenye mwamuzi. Mpwa wangu, ambaye amezaliwa huku na hana haja ya visa, ndiye aliyenisaidia kuipiga chapa barua hiyo. Tukipata majibu, nitayaleta kwenye safu hii.